Wanaghani vizuri, lakini ukiwaonyesha neno hawalijui

*Swali*

Walimu wa safu ya ushauri, habari za kazi.

Nafundisha Kiswahili Darasa la Nne katika shule moja ya vijijini wilayani Muheza. Nina wanafunzi 62. Muhula ulipoanza niliwasikiliza mmoja mmoja wakisoma. Kumi na wanne bado wanakata silabi, "wa-na-o-ku-ja", na wakifika mwisho wa sentensi mwanzo wake wameshausahau. Ishirini hivi wanayasoma maneno, ila kwa sauti moja tu. Nukta wanaipita kama hawajaiona, na ukiwauliza wamesoma nini wanakutazama. Waliobaki wana nafuu.

Nilishauriwa nitumie mashairi ya kusoma wawili wawili. Nikachukua ngonjera ya beti sita, nikaiandika ubaoni, nikawa nasoma mstari na darasa linaitikia. Ilipofika Jumatano wote walikuwa wameishika. Siku ya wazazi jozi nne zilisimama mbele na zikapigiwa makofi mpaka mimi mwenyewe nikaona tumefika.

Wiki iliyofuata nilimwita mmoja wa waliong'ara siku ile. Nikaweka kidole kwenye neno lililo katikati ya ubeti wa tatu, nikamwambia asome. Akashindwa. Akaanza kuughani ubeti tangu mwanzo kimoyomoyo ili afike pale kidole kilipo. Nikawajaribu wengine saba, na watano wakafanya vilevile.

Je, njia hii haifai, au nimeikosea mimi? Nina shida nyingine pia. Jozi 31 zikisoma kwa pamoja darasa linakuwa soko. Anayejua anammeza asiyejua. Nina mtoto mwenye kigugumizi ambaye hataki kusimama kabisa. Mashine ya fotokopi hatuna. Na mwalimu mkuu ameshaniagiza niandae ngonjera nyingine ya mahafali.

Mwalimu wa Darasa la Nne, Muheza

*Jibu*

Mwalimu mwenzetu, pole na hongera. Tunakupongeza kwa kile kidole. Wengi wetu tungeridhika na makofi ya wazazi, na watoto wale wangeingia Darasa la Tano wakihesabiwa kuwa wanajua kusoma.

Njia inafaa. Ulichofundisha ni kughani, na kughani ndiko walikokujua. Ngonjera kwa asili yake ni kitu cha sikio. Mshairi Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, walipoieneza miaka ya 1960 walitaka ujumbe uufikie umati: wawili wanabishana mbele ya watu, mmoja hajui, mwenzake anamwelewesha, mwisho wanakubaliana. Kwa kazi hiyo kukariri ni sawa kabisa, maana anayesikiliza hajali kama msemaji anasoma au amehifadhi. Sisi tumeileta darasani kuwa zoezi la kusoma, lakini desturi yake ya kukariri hatukuiacha mlangoni. Mwalimu anatamka, watoto wanaitikia, na jicho halina kazi. Shairi lenye vina na mizani hushikika haraka kuliko habari ya kawaida, kwa hiyo uzuri wake ndio mtego wake.

Basi sharti la kwanza, na mengine yote yanalitegemea hili: karatasi haitoki mkononi, hata siku ya onyesho. Mtoto anayesema "Mwalimu, mimi nimeshaishika" hapongezwi kwa hilo. Anapewa ubeti mwingine.

Ni vizuri pia kujua kwa nini kusoma andiko moja mara nyingi kunasaidia, ili ujue pa kukomea. Mmarekani S. Jay Samuels aliieleza njia hiyo mwaka 1979. Akili ya msomaji ina nafasi ndogo, na ikiwa yote inatumika kutambua silabi, haibaki ya kuelewa wala ya kuipa sauti maana. Akirudia andiko fupi lilelile, maneno yanaanza kumjia bila kuyachokonoa, na nafasi inapatikana. Ila mara tatu au nne kwa siku zinatosha. Ukizidisha, mtoto anaacha kutazama na ulimi unakwenda wenyewe. Na tusisahau kwamba watoto wanazungumza Kiswahili cha kila siku, si cha ushairi, kwa hiyo andiko lenyewe linatakiwa kuwa la kiwango chao. Katika kila maneno 20, mtoto akosee moja au mawili. Akikosea manne, shairi hilo ni gumu kwake.

Beti sita ni nyingi mno kwa kuanzia. Anza na mbili. Hizi hapa tumezitunga kwa ajili yako, jogoo anabishana na simu:

JOGOO
Mimi jogoo nawika, watu watoke ndotoni,
Mbingu zikipambazuka, nasimama mlangoni,
Chaji sijawahi taka, wala waya ukutani,
Wewe simu ukichoka, unazima mkobani.

SIMU
Jogoo unajikweza, kwa huo mdomo wako,
Usiku ndani ya giza, wawika bila mwaliko,
Saa ninapoeleza, sina hata badiliko,
Idi ikijitokeza, chunguni ndiko wendako.

Maneno ni 44 kwa jumla. Katika Tusome, mpango wa kufundisha kusoma uliokuwa ukiendeshwa nchini Kenya, msomaji fasaha wa Kiswahili anayemaliza darasa la pili alitarajiwa kusoma maneno 45 sahihi kwa dakika, ilhali kwa Kiingereza alitarajiwa 65. Tofauti hiyo haina maana kwamba Kiswahili ni kigumu zaidi. Neno letu moja hubeba mzigo wa maneno matatu ya wenzetu, kama hilo *zikipambazuka* lenye silabi sita. Kwa hiyo beti hizi mbili ni kama dakika moja ya msomaji huyo, na kwa wale kumi na wanne wako zinaweza kuchukua dakika tatu siku ya Jumatatu.

Sasa karatasi. Usiandike ubaoni tu, maana ubao wa watu 62 ndio unaozaa kuitikia. Jozi moja inahitaji nakala moja, si mbili. Wakiwa na karatasi mbili kila mmoja anajitenga na yake, wakiwa na moja wanakaa bega kwa bega na kidole ni kimoja. Kama fotokopi hakuna, somo la kuandika la siku iliyotangulia liwe ni kunakili beti kwenye daftari, kwa kuruka mstari mmoja baada ya kila mshororo ili pabaki nafasi ya alama. Katika kila jozi kagua daftari moja tu, lile watakalolitumia. Mwandiko ukiwa na "zikipabazuka", wiki nzima watasoma kosa.

Kupanga jozi ndiko kunakoamua kama anayejua atammeza asiyejua. Usimweke wa kwanza na wa mwisho. Wa kwanza atachoka kusubiri, wa mwisho ataona aibu, na ifikapo Jumanne mmoja atakuwa anasoma zamu zote mbili. Orodhesha wote 62 kwa jinsi walivyosoma ile siku ya kwanza, kisha ikate orodha katikati. Wa 1 akae na wa 32, wa 2 na wa 33, hivyo hivyo mpaka wa 31 na wa 62. Kila jozi itakuwa na mmoja aliye mbele kidogo, wala pengo halitakuwa shimo. Wabadilishe kila baada ya wiki tatu. Mmoja asipofika, mwenzake aingie kwenye jozi nyingine wawe watatu, asiachwe kusoma peke yake pembeni.

Na hapa tuseme wazi kitu ambacho washauri wengi wa njia hii hawakisemi. Kati ya wale kumi na wanne, wapo ambao shida yao haijafika kwenye ufasaha. Waandikie kwenye kipande cha karatasi silabi hizi: mbwa, ndwe, nywa, ng'o, shwa. Asiyezitambua hata nusu yake anahitaji dakika kumi za silabi kila siku katika kikundi kidogo, na shairi liwe nyongeza. Ukimtegemeza kwenye shairi peke yake atakariri, kwa sababu hana njia nyingine ya kuokoka mbele ya wenzake. Inawezekana yule aliyekwama kwenye ubeti wa tatu ni wa kundi hili. Mpime kwanza.

Kazi ya kila siku isizidi dakika 15 katika kipindi chako cha dakika 40.

Jumatatu soma wewe mara mbili, wao wakikufuata kwa kidole kwenye karatasi, midomo imefungwa. Usitamke mstari ili waitikie. Kisha chukua maneno manne au matano yatakayowakwaza, na hapa usiharakishe. Neno refu lisijengwe kutoka mbele. Ukianza "zi-ki-pa-mba" mtoto anatamka kila silabi kwa uzito uleule, na neno linatoka kama mawe yaliyopangwa. Kiswahili hukaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo jenga kutoka nyuma: *zuka*, halafu *pambazuka*, halafu *zikipambazuka*. Kila hatua mkazo unabaki palepale penye *zu*, na mtoto anasikia neno lilelile likirefuka. Fanya hivyo pia kwa *ikijitokeza*: *keza*, *tokeza*, *jitokeza*, *ikijitokeza*. Watoto hupenda sana zoezi hili, na baada ya wiki mbili utawaona wanalifanya wenyewe kwenye kitabu cha Sayansi.

Siku hiyohiyo eleza maneno yaliyokatwa ili mizani itimie. *Sijawahi taka* ni sijawahi kutaka. *Wawika* ni unawika. *Wendako* ni unakokwenda. Usipoyaeleza, mtoto ataona "wawika", akili yake itakataa, atasoma "anawika". Hapo msomaji mzuri ndiye anayekosea zaidi, kwa sababu anasoma kwa maana.

Jumanne wanasoma mshororo kwa mshororo, mmoja wa kwanza, mwenzake wa pili, mpaka mwisho, kisha wanabadilishana, kisha mara ya tatu wote pamoja. Kidole kinashikwa na asiyesoma. Huo ndio ufunguo wa mambo. Kwenye ngonjera ya kawaida mmoja ana ubeti mzima, na mwenzake anapumzika mistari minne akitazama dirishani. Ukimpa yule anayesubiri kazi ya kidole, hana pa kwenda. Kidole kiende chini ya neno linalotamkwa, kisilitangulie wala kuchelewa. Ukipita katikati ya madawati usisikilize sauti, tazama vidole. Kidole kilichosimama mstari wa kwanza wakati mdomo uko wa tatu kinakuambia kila kitu.

Msomaji akikwama, mwenzake asubiri kimya muda wa kuhesabu moja mpaka tatu kwa vidole. Akishindwa, amtajie neno zima, si silabi ya kwanza, na msomaji aurudie mshororo wote tangu mwanzo. Neno la kusema ni "Rudi mstari," basi. Wafundishe kwa kuonyesha mbele ya darasa na mwanafunzi mmoja, mara mbili. Usipowapa neno la kusema watatumia yao, na unayajua yanavyokuwa.

Kosa moja wafundishe walitafute makusudi. Kwenye ubeti wa jogoo mistari yote inaishia *-ni*. Mtoto anaona "m" ya mwanzo, anajua mwisho ni "ni", anabuni katikati: badala ya *mkobani* anasoma "mfukoni" au "mkononi". Mizani imetimia, kina kimetimia, na maana inaeleweka, kwa hiyo sikio halishtuki, hata lako wewe mwalimu. Ni jicho la mwenye kidole peke yake litakalolikamata. Jozi inayokamata kosa hilo inasoma kweli.

Jumatano gawanya mshororo wenyewe. Mmoja anasoma ukwapi, yaani kile kipande kabla ya mkato, na mwenzake utao. "Mimi jogoo nawika," anasema wa kushoto, na wa kulia bila pengo, "watu watoke ndotoni." Siku hiyo wote wawili wanakuwa jogoo mmoja, kisha wote wawili simu moja. Zamu ni fupi kiasi kwamba hakuna wa kupumzika, na anayefuata lazima macho yake yawe yamefika kwenye neno lake kabla mwenzake hajamaliza. Kutanguliza macho hivyo ndiko wanakokosa wale ishirini wako wa sauti moja. Tahadhari: usianze na zoezi hili Jumatatu. Asiyeufahamu mstari mzima akipewa nusu, anasoma vipande visivyo na maana na anazidi kukata.

Kuhusu nukta na mkato, wape penseli. Mkato wa katikati ya mshororo waweke mkwaju mmoja (/), mwisho wa mshororo mikwaju miwili (//). Kwenye mmoja wanatua kidogo, kwenye miwili wanavuta pumzi. Halafu wapige mstari chini ya neno moja tu katika kila mshororo, lile wanaloona ndilo la kukazwa, na jozi iweze kusema kwa nini. "Chaji *sijawahi* taka" na "*chaji* sijawahi taka" ni majivuno mawili tofauti. Wakibishana juu ya hilo waache wabishane. Wanaelewa walichosoma.

Jambo linaloharibu zaidi katika hatua hii ni mahadhi. Sisi watu wa pwani tuna tuni zetu za kughani, na Tanga hazikosekani. Mtoto akishaipata tuni, kila mstari unavutwa mwishoni kwa namna ileile, jogoo na simu wanakuwa mtu mmoja, na ile sauti bapa uliyoilalamikia inarudi ikiwa imevaa wimbo. Kwa hiyo Jumatatu mpaka Alhamisi hakuna kughani. Wasome kwa sauti ya kuzungumza, kama watu wanaogombana sokoni kwa heshima. Kughani iwe zawadi ya Ijumaa baada ya kusoma, na isihesabiwe kuwa kusoma.

Alhamisi wanasimama. Sasa kila mmoja anachukua upande wake, jogoo au simu, na mshororo wa mwisho wa kila ubeti wanausoma wote wawili. Karatasi inashikwa kwa mkono wa kushoto, usawa wa kifua, mkono wa kulia uwe huru kwa ishara. Ukiishusha chini kidevu kinaingia kifuani na sauti inafia hapo, ukiipandisha inaficha mdomo. Ishara moja kwa mshororo inatosha.

Siku hiyo ndiyo ya kipimo chako cha kidole, ila kifanye kwa darasa zima. Sema, "Simu, mstari wa tatu, kuanzia utao!" na kila jozi ianze hapo. Wasome beti kuanzia mstari wa mwisho kwenda wa kwanza. Halafu andika ubaoni maneno ya beti yakiwa yamehama, pamoja na mengine mepesi: "Jogoo wa mama hana mwaliko. Simu yake imezima, waya uko mlangoni." Anayesoma beti kwa mbwembwe na kukwama kwenye sentensi hizo mbili bado hajasoma. Usimkaripie. Mwandike jina, Ijumaa mkalishe karibu nawe.

Ijumaa ni onyesho, na hapa wengi hukata tamaa kwa kuhesabu jozi 31 zikipanda mbele moja moja. Usifanye hivyo. Tengeneza vikundi saba vya jozi nne na kimoja cha jozi tatu. Viwili vibaki darasani pembe kwa pembe, vingine barazani na chini ya miti. Katika kila kikundi jozi moja inasoma, nyingine zinasikiliza karatasi zikiwa wazi. Onyesho moja ni kama dakika moja na nusu pamoja na kujipanga, kwa hiyo ndani ya dakika kumi watoto wote 62 wamesoma mbele ya watu. Kisha piga kura ya vijiti, jozi moja tu isome mbele ya darasa zima. Wasikilizaji wana maswali mawili ya kujibu: neno gani lilisomwa kwa namna iliyokufanya ulione, na wapi hukuelewa. "Wamesoma vizuri" si jibu.

Kelele za katikati ya wiki zitakuwepo. Jozi 31 zinasoma, haziwezi kuwa kimya. Tunachotafuta ni "sauti ya bega", yaani inayomfikia mwenzako na kuishia kwake. Jozi za dawati moja zitazame ubao, za dawati linalofuata zigeuke kuutazama ukuta wa nyuma, ili midomo isielekeane. Kama hali ya hewa inaruhusu, nusu ya darasa iende nje, na wabane karatasi kwenye jalada la daftari zisipeperuke.

Mtoto wako mwenye kigugumizi huenda akakushangaza. Wengi wenye kigugumizi husoma bila kukwama, au kwa nafuu kubwa, wanaposoma kwa pamoja na mtu mwingine maneno yaleyale kwa wakati uleule. Kwa hiyo jozi yake isome beti zote mbili kwa sauti mbili pamoja, wiki ya kwanza na ya pili, na mbele ya kikundi tu. Baadaye mshororo mmoja auchague yeye wa kusoma peke yake, mfupi, na si lazima uwe wa kwanza. Kuanza ndiko kugumu kwake, kwa hiyo mwenzake ndiye aanze. Waambie wengine wasimmalizie neno. Hesabu ya vidole vitatu haimhusu yeye, anasubiriwa. Na umchagulie mwenza kwa upole wa mtoto huyo, si kwa orodha tuliyoikata.

Kupima, usipime kwa shairi walilolizoea. Kila baada ya wiki tatu chukua habari fupi ya mjazo, yaani isiyo shairi, ambayo hawajaiona, yenye maneno kama 80. Mwite mmoja mmoja, asome dakika moja, hesabu maneno sahihi. Wapime saba kwa siku wakati wengine wanaandika, siku tisa utakuwa umewamaliza. Pembeni ya namba andika moja ya herufi hizi: S anayesoma silabi silabi, N neno neno, K kifungu kifungu, M kama anayezungumza. Aliyetoka S kwenda N amepiga hatua kubwa hata kama namba imesogea kidogo. Aliyepanda namba huku amebaki N anakimbia tu, mrudishe kwenye mikwaju. Na asiyesogea chochote katika vipimo viwili mfuatano, rudi kwenye silabi, kisha muulize kama ubaoni anaona vizuri. Mara kadhaa shida huwa ni macho.

Mashairi ya wiki zinazofuata yatafute mafupi, ya sauti mbili zinazopingana kweli: mvua na jua, chapati na muhogo, baiskeli na bodaboda. Wakubwa wenu wa Darasa la Saba wanaweza kuwatungia wadogo zao, mradi wahesabu mizani nane kwa nane. Usirudie shairi moja wiki mbili. Beti mbili mpya kila Jumatatu zinamsomesha mtoto maneno mengi zaidi kuliko beti sita za muhula mzima.

Na mahafali. Nenda kwa mwalimu mkuu mapema, kabla hajaanza kuwaza sare na vilemba. Mweleze kwamba safari hii watoto watasoma jukwaani, karatasi mkononi ndani ya jalada gumu la rangi moja, na kwamba hiyo ndiyo kazi inayoonyeshwa. Msichukue jozi nne bora. Chukueni kumi na mbili, wakiwemo wa S waliofika N, kila jozi ubeti mmoja. Katikati ya onyesho mshereheshaji amwombe mzazi mmoja ataje ubeti wa ngapi urudiwe na mshororo wa kuanzia, na jozi yake isome kutoka hapo.